Milingoti Korongoni

Kivuli kilimkuta mzee Fidel Tuor kwenye shavu la kushoto, wembe ukiwa bado hewani. Kilikuwa chembamba kama kidole, kimepinda kwa juu mithili ya kiwiko, na jana yake hakikuwapo.

"Mengia," aliita bila kugeuza shingo, maana povu lilikuwa limeshapanda hadi masikioni. "Nani kanichorea mstari usoni?"

Mengia, bintiye, alikuwa anasuuza vikombe. Jibu alilijua kuliko mtu yeyote bondeni, kwa kuwa mstari ule aliuweka yeye.

"Mlingoti huo, Baba."

"Naona ni mlingoti, mimi si kipofu. Nauliza wa nani."

"Wa Placi. Anajenga."

"Anajenga wapi?"

"Hapo mbele yako."

Mzee akalitazama dirisha kwa muda, akanyoa shavu la kulia, akafuta wembe. La kushoto akaliacha na povu lake mpaka likakauka, kama mtu anayehifadhi ushahidi.

Katika nchi ile hakuna mtu anayejenga, awe bwanyenye au mfuga kuku, bila kwanza kusimamisha milingoti. Kila pembe ya nyumba ijayo huwekewa mlingoti wenye urefu ule ule wa ukuta utakaokuja, na kichwani hufungwa kipande cha mshazari kuonyesha paa litainama vipi. Halafu nyumba hiyo ya hewa inaachwa isimame kwa majuma kadhaa ili majirani waitazame, wachukie mapema, na mwenye pingamizi aliweke kabla tofali halijafika. Kazi ya Mengia ilikuwa hiyo: kusimamisha nyumba za hewa. Alikuwa na gari la mizigo, ngazi mbili na nyundo, na hakuna paa katika bonde la Valdrusa ambalo hakulionyesha kabla halijawa paa.

Kazi ilikuwa imemwingia kwenye damu. Hakununua hata kabati bila kwanza kutandika magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kabati hilo na kuyazunguka kwa siku kadhaa. Aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja wa mji wa Chur, mtu mzuri, mwenye nyumba yake. Mengia aliomba muda wa kulitazama jambo hilo kutoka pande zote, na alipomaliza kulitazama bwana alikuwa na watoto wawili na mke mwingine. Hakumlaumu. Muda wa pingamizi ulikuwa umepita.

Sasa lilikuja hili la jua. Valdrusa iko chini ya mlima, na katikati ya majira ya baridi jua huchungulia kwenye pengo moja tu la kilele, huangaza jikoni kwa kina Tuor kwa muda usiofika saa nzima, kisha huenda zake kushughulikia Italia. Mzee Fidel alinyoa ndevu kwa jua hilo tangu alipoota ndevu. Balbu, alisema, ni mnafiki. Inamwambia mtu amependeza. Siku za mawingu hakunyoa, na kijiji kilijua hali ya hewa ya juma zima kwa kutazama kidevu chake kanisani.

Nyumba ya Placi ingekuwa na ghorofa tatu, mbili za juu za kupangisha wageni wa theluji. Mengia alipokuwa juu ya ngazi akikaza waya wa mwisho aligeuka, akaona kivuli kitakapoangukia. Alishuka. Akachukua kipimo, akahakikisha mlingoti umesimama wima, kwa sababu kazi ni kazi, na akaenda nyumbani akiwa amejizibia jua kwa mikono yake mwenyewe.

Angeweza kuweka pingamizi. Sheria ilimruhusu, na muda ulikuwa haujaisha. Ila Valdrusa ina nyumba thelathini na kwaya moja. Babu wawili wa ukoo waliwekeana pingamizi juu ya kibanda cha mbuzi, wakaimba besi bega kwa bega mpaka uzeeni huku kila mmoja akiuelekea ukuta wake. Na yule wa kwanza alipokufa, wa pili hakuipata tena ile noti ya chini.

Placi alikuja jioni ile ile. Alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, kwa hiyo ni kaka yake, mnene kidogo, mwepesi wa kuamua, fundi wa lifti za viti zinazowapandisha watu mlimani. Bondeni alijulikana kwa jambo moja: hakuweza kuvumilia milingoti iliyoachwa ikisimama baada ya uamuzi kutolewa. Alipoona mlingoti wa namna hiyo alisimamisha gari, akapiga honi, akapiga simu halmashauri, akampigia na Mengia. Wengine hukerwa na mbwa wanaobweka. Yeye alikerwa na hilo.

"Dada, najua unachofikiria."

"Sifikirii kitu. Milingoti yako imesimama."

"Imesimama mno. Baba Mkubwa kanipita dukani nusu uso kanyoa, nusu ana povu kavu. Hakunisalimu. Watu wameuliza kama kapigwa kiharusi."

"Hana kiharusi. Ana jirani."

Placi akaketi. Akachukua kipande cha nyama kavu sahanini bila kukaribishwa, kama ndugu. "Ukiweka pingamizi, mimi nitajibu kwa wakili, wewe utajibu kwa wakili, na Pasaka tutaimba kila mtu na ukuta wake. Mimi sitaki."

"Ondoa ghorofa moja."

"Sitaki hilo pia."

Kisha Placi akasema neno ambalo wote wawili walijua litasemwa: "Tucheze."

Mchezo waliupata wakiwa vijana, majira ambayo poromoko la theluji lilifunga barabara ya Ilanz na kijiji kizima kikabaki ndani kinatazamana. Ulikuwa mchezo wa kompyuta, wa kizamani hata wakati huo. Unapewa kipande cha ardhi, lango, na hazina kidogo, kisha unajenga bustani ya burudani: pembea za farasi, gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, treni za mteremko zinazofanya watu walipe ili wapige mayowe, vibanda vya chipsi, vyoo. Wageni wanakuja, wanafurahi au wanatapika, wanabaki au wanaondoka. Tangu hapo mambo mazito ya ukoo yaliamuliwa humo. Mchezo uliamua nani arithi saa ya ukutani ya bibi. Uliamua nani apige tuba, lile tarumbeta kubwa zito, kwenye arusi ya shangazi yao; Mengia alishindwa, akapiga, na ndoa ile imedumu hata hivyo. Kwa jumla Placi alishinda mara nyingi zaidi, kwa sababu Mengia alipokuwa bado anatazama, yeye alikuwa ameshafungua lango.

"Nikishinda," alisema Placi, "huweki pingamizi, na Baba Mkubwa unamwambia wewe, si mimi. Ukishinda, ghorofa ya tatu naiondoa. Ramani ni Korongo."

Hapo Mengia alipaswa kusema atafikiri. Korongo ilikuwa ramani ngumu kuliko zote: lango liko chini kabisa, mto umepita katikati, magenge yamesimama pande mbili kama kuta za kisima, pana kipande cha tambarare kisichozidi kitambaa cha meza, na juu kabisa, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kufika, kuna uwanda mzuri wa bure. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuimaliza bila bustani kufilisika. Lakini kutoka jikoni alipokaa aliona kidevu cha baba yake, nusu na nusu.

"Haya," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kujibu bila kupima.

Juma lile alifanya kazi mlimani juu ya kituo cha lifti, akasimamisha milingoti ya ghala, na macho yake yalikuwa kwa wapita njia. Waliopanda kwa miguu walimuuliza wote swali moja, yaani bado kiasi gani. Waliopandishwa na lifti wakashuka kwa miguu hawakumuuliza chochote. Walimsalimu, wakasifu hewa, wakaulizia bia. Watu walikuwa wale wale, mlima ule ule. Alilitazama jambo hilo siku nzima, kutoka pande zote.

Jumapili baada ya Misa walikutana jikoni kwa Mengia, kwa kuwa Ottilia, mke wa Placi, alikataa upuuzi huo usifanyike nyumbani kwake. Alikuja hata hivyo, na keki ya njugu, awe shahidi.

"Mna umri gani nyie wawili?" aliuliza akikata keki.

"Ukitujumlisha?" alisema Placi.

"Ukiwajumlisha mnakaribia karne, na mnagombania ghorofa kwa pembea za farasi."

"Mawakili wangegombania kwa karatasi, wifi," alisema Mengia. "Pembea zina nafuu."

Kompyuta mbili ziliwekwa mezani zikitazamana. Placi alichagua upande wa benchi la jiko, palipo na joto, uso ukielekea mlangoni na mgongo dirishani. Ndicho kilichokuwa kiti cha mzee cha kunyolea. Mengia aliona, akamimina kahawa.

Masharti yalikuwa machache. Saa ya mchezo haisimamishwi kwa sababu yoyote. Misimu mitatu. Atakayekuwa na wageni wengi ndani ya lango msimu wa tatu ukifungwa, ndiye mshindi. Ottilia akasema, "Anzeni, na mwisho wake chakula kisipoe."

Placi alianza kama anavyoanza siku zote, kwa tingatinga. Alichukua ile tambarare ndogo karibu na lango akaipanua kwa kukata genge, akamwaga udongo mtoni, akapata uwanja, akaujaza: pembea, gurudumu, magari ya kugongana, chipsi, chipsi tena. Lango likafunguliwa. Muziki wa bati ukaanza kulia kutoka upande wake wa meza, na pamoja nao kelele za watu wadogo wenye furaha.

"Wangapi, Placi?" aliuliza Ottilia.

"Mia na zaidi. Wanaingia kama kondoo." Akachungulia juu ya skrini yake. "Na wewe, dada?"

Upande wa Mengia palikuwa kimya. Alikuwa hajajenga hata choo. Kwenye orodha ya mapambo mchezo ulikuwa na milingoti ya bendera, kitu cha kurembea njia, na Mengia alikuwa akiisimamisha mmoja mmoja korongoni, mmoja ukingoni juu, mwingine kwenye mwamba wa kati, mwingine ng'ambo ya mto, bila bendera.

Placi aliinuka akaja kutazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko adabu.

"Ottilia," alisema, "njoo uone. Kaweka milingoti."

"Kaweka nini?"

"Milingoti! Mwenyewe! Unamsubiri nani aweke pingamizi humo, dada? Samaki?"

"Nataka kuona urefu," alisema Mengia, na shingo ikampanda wekundu. Alikuwa kweli, kwa muda wa mkupuo mmoja wa kahawa, amekaa akiitazama milingoti yake bila kufanya kitu, akisubiri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni ugonjwa. Msimu wa kwanza ulifungwa akiwa na bustani yenye milingoti mitupu, na mgeni mmoja aliyeingia kwa kupotea.

Msimu wa pili aliamka. Udongo hakuugusa, kukata genge kunakula hazina, na genge lililokatwa halirudi. Kutoka langoni alivuta lifti ya viti, polepole, mpaka uwandani juu. Vyote vya kupendeza akavipanga kuanzia juu kushuka: gurudumu ukingoni, ambapo hata gurudumu dogo linaogopesha kwa kuwa chini yake hakuna kitu; njia ya miguu ikizungukazunguka kwenye miteremko, kila kona na benchi; vyoo katikati ya njia, chipsi baada ya vyoo na kamwe si kabla ya treni. Mgeni anavutwa juu, kisha siku yake yote ni kushuka. Hakuna anayepanda hata ngazi moja.

"Lifti," alisema Placi alipoisikia ikinguruma. "Umejenga lifti."

"Wewe je?"

"Mimi nafunga lifti tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Siwezi kufunga lifti Jumapili hata kwenye mchezo. Nina ngazi."

Ngazi zake zilikuwa zimeanza kumletea balaa. Uwanja ulikuwa umejaa, kwa hiyo alijenga treni kubwa juu ya ukingo na kuwapeleka wageni kwa ngazi za mawe zilizopanda genge moja kwa moja. Wageni walipanda kidogo wakasimama. Juu ya vichwa vyao yalitokea maneno: Miguu inauma. Mlima huu hauishi. Nataka kurudi nyumbani. Mmoja alitapika kwenye ngazi, aliyemfuata akaona, naye akatapika. Lakini mia nne walikuwa ndani, na Mengia alikuwa hajafika hata nusu ya hao.

Ottilia aliacha kukata keki. Alivuta kiti.

Msimu wa tatu ndio uliobaki, na Mengia alikuwa na kitu kimoja mkononi: treni yake. Kituo alikiweka juu, ukingoni. Treni za wengine hulazimika kujengewa mnara ili zipate pa kuanguka. Yeye mnara alipewa na Mungu, lilikuwa genge lenyewe. Treni ingetoka kituoni, ingetazama chini, ingedondoka kando ya mwamba, ingepita chini ya viti vya lifti, ingevuka mto kwa daraja kubwa la kutisha, na kurudishwa juu na mnyororo ndani ya mwamba, gizani, mahali ambapo watu huogopa bila gharama ya ziada. Hapo ndipo milingoti ilipofanya kazi. Kila mahali reli ilipopita alijua iko juu ya nini na chini ya nini, na kila mlingoti ulipomaliza kumwambia akaung'oa. Reli ikafungana. Wageni wakajipanga kwenye foleni ya treni isiyofunguliwa bado, mamia, kwa maana habari za treni mpya huwavuta wageni wa mchezo ule kuliko chochote, na langoni wengine wakaanza kuingia.

Wakati huo huo jua likafika kwenye pengo.

Liliingia jikoni lote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefungua mlango kwa teke, likampiga Placi kisogoni na kumwagikia skrini yake.

"Aa! Sioni kitu! Mengia, funga pazia."

"Hakuna pazia."

"Vipi hakuna pazia?"

"Nani ataweka pazia kwa jua la dakika chache hizi?"

Mlango ukafunguka, mzee Fidel akaingia na beseni, kioo na wembe. Hakumtazama mtu. "Hicho kiti changu," alisema.

"Baba Mkubwa, tuko kwenye —"

"Najua mko kwenye nini. Ondoka kwenye ndevu zangu."

Saa ya mchezo haisimamishwi. Placi alinyanyua kompyuta yake mikono miwili, waya ukining'inia, akazunguka meza huku akitukana kwa sauti ya chini, na kujibana ubavuni mwa Mengia, kiwiko kwa kiwiko, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa mahali pekee penye kivuli. Mzee akaketi. Akapaka povu. Kivuli chembamba cha mlingoti kikamwangukia shavuni, na safari hii alikitazama tu kwenye kioo.

Mengia akabonyeza kufungua treni.

Mchezo ukalia mlio wa kukataa. Maneno yakatokea: Njia haiko wazi.

Akabonyeza tena. Njia haiko wazi.

Akapitia reli yote kutoka kituoni, akainama karibu na skrini mpaka pua ikagusa. Mteremko, wazi. Chini ya lifti, wazi. Daraja, wazi. Jasho lilimtoka chini ya sweta ya kanisani. Kwenye foleni maneno yalianza kuwatoka wageni vichwani: Nimesubiri sana. Mmoja akageuka. Watatu wakamfuata.

"Mengia mia tatu na themanini," alisoma Ottilia, akiwa amesimama nyuma yao, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Placi mia nne na ishirini. Wako wanaondoka, mume wangu, lakini na wake pia."

"Kimya," walisema wote wawili.

Mengia aligeuza ramani huku na huku. Njia haiko wazi. Saa ya msimu ilikuwa imebakiza ncha. Mbele yake, kwenye jua, wembe ulikuwa ukipita shavuni kwa mlio wa karatasi inayochanwa polepole, na alijua kwamba mlio huo majira ya baridi yajayo hautakuwapo, na kwamba yeye ndiye atakayelazimika kusema kwa nini. Akageuza ramani mara nyingine, ikaonekana kwa upande wa nyuma, wa mwamba, kufumba na kufumbua, kisha akaigeuza tena.

Lakini Placi alikuwa na jicho kwenye skrini ile kwa kuwa alikosa pa kuliweka, na aliona. Nyuma ya mwamba, mahali reli ilipoingia gizani, mlingoti mmoja ulikuwa umesahauliwa, umesimama katikati ya njia.

Angenyamaza tu. Hakuna kilichohitajika zaidi ya hicho, kunyamaza mpaka ncha ile iishe, na ghorofa tatu zilikuwa zake. Ottilia, aliyeolewa naye macho wazi, alisema baadaye kwamba aliona neno likipanda kwenye koo lake kama kwikwi, na kwamba mume wake alijaribu kweli kulimeza.

"Umeacha mlingoti!" alifoka Placi. "Reli imeshapita na mlingoti bado umesimama! Mara ngapi nikwambie, mtu akimaliza anaondoa milingoti yake! Nyuma ya mwamba huo, huo huo, hebu ung'oe, Mengia, ni aibu!"

Mengia akageuza. Akauona. Akaung'oa.

Treni ikatoka kituoni, ikatazama chini, ikadondoka.

Kelele za watu wadogo zilijaa jikoni. Wale waliokwisha kuiacha foleni wakageuka tena. Langoni waliingia kwa makundi, wakapanda lifti, wakakaa viti vyote, na upande wa Placi watu waliochoka waliendelea kushuka ngazi zake za mawe kwenda nyumbani, na hakuna alichoweza kuwafanya, maana ngazi ni ngazi. Msimu ukafungwa.

Ottilia aliinama akasoma skrini zote mbili mara mbili, kama anavyosoma lebo za dawa. "Mengia," alisema. "Kwa kumi na kitu."

Hakuna aliyesherehekea. Mzee Fidel aliosha wembe.

"Haihesabiki," alisema Placi. "Nimemwambia mimi."

"Umeniambia wewe," alikubali Mengia. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeshuka ngazi ndefu. "Nisingeuona. Ukitaka turudie, tutarudia."

Placi alifikiri. Ilikuwa adimu kumwona akifikiri, na Ottilia aliweka kisu chini kwa heshima.

"Ungenyamaza ungeshinda," alisema mzee kutoka kwenye kioo.

"Najua, Baba Mkubwa."

"Mbona hukunyamaza?"

"Sijui. Ulikuwa umesimama pale. Bure." Akasugua macho. "Turudie halafu iweje? Ataacha mwingine, nitapiga kelele tena. Nina ghorofa mbili. Acha ziwe mbili. Ottilia, kuna keki?"

"Ipo. Nawe utamwambia mama yako kwamba vyumba vya wageni vimepungua, si mimi."

Siku iliyofuata Mengia alipandisha ngazi tena kwenye milingoti ya Placi kuishusha, na Placi akamshikia ngazi kwa chini, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Dirishani mzee alisimama na beseni, akionyesha kwa wembe: chini, chini zaidi, hapo hapo. Placi alisema kiwembe hicho hakimo kwenye masharti. Mengia akapima kwa kipimo chake, akakuta mzee alikosea kwa upana wa kiganja, akaacha ilivyosema ramani ya ujenzi.

Kisha Placi akasafisha koo. "Kuna bomba la moshi," alisema.

Mengia alitazama chini kutoka ngazini.

"Nyumba haiwezi kukosa bomba la moshi, dada. Tulizungumzia ghorofa. Bomba hatukulizungumzia."

Ilikuwa kweli. Alirudia maneno yao yote kichwani, kutoka pande zote, na bomba halikuwamo. Akashuka, akachukua mlingoti mmoja mwembamba garini, akausimamisha mahali bomba litakapokuwa, akaukaza waya, akaupima. Ulikuwa wima.

Adhuhuri jua lilitokea kwenye pengo, likapita juu ya paa la hewa, likamkuta mzee Fidel tayari na povu lake. Alinyoa shavu la kulia kwa raha. Alipohamia la kushoto, kivuli chembamba kama kidole kilikuja, kikapanda kutoka kidevuni, kikakaa.

"Mengia. Mstari umerudi."

"Bomba la moshi, Baba."

"La nani?"

"La Placi."

Mzee alishusha wembe. Mengia aliacha vikombe vyake, akasubiri, na mlangoni Placi, aliyekuwa amekuja kurudisha sahani ya keki, naye akasubiri, ameshika sahani kwa mikono miwili. Jua lilisogea. Kivuli kilitoka shavuni, kikapita puani taratibu, kikaenda kuangukia ukutani karibu na ile saa ya bibi.

"Kinapita," alisema mzee, akanyanyua wembe.